Jani la Dawa ya Maji

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba. Kaeni mkekani. Nimesikia yule tajiri wa Lindi aliyewaajiri ameweka sanduku la kioo barazani kwake, amelijaza maji na vijisamaki, na majani mnayoyapanda humo yanaoza kila mkiyapanda. Nimesikia pia mmoja wenu alisema, "Twende Kivinje kwa Bibi Somoe, alifanya kazi hiyo zamani za Mdachi." Huyo ana akili. Nitawaeleza ninayoyajua, lakini nitakwenda kwa mwendo wangu, na asiye na subira ajiondokee mapema, maana kazi yenyewe haimtaki.

Tuanze na kuoza. Mmechimba mchanga, mkakizika kile kishina cheusi kinachotambaa, kisha mkakishindilia vizuri kwa vidole. Sivyo? Nilijua. Sisi tumelelewa na jembe, tukiona kitu chenye shina mkono unatuwasha tukifukie. Muhogo tunafukia, tangawizi tunafukia, basi na hiki nacho twende. Msione haya, mimi niliwapita. Nilitia samadi ya mbuzi chini ya mchanga, nikajiona nimemzidi mzungu maarifa. Haukupita muda nyumba ikanuka kama zizi, samaki wakaelea matumbo juu, na Juma, mpishi wetu, akahamishia mafiga yake nyuma ya uzio akisema hawezi kupika mchuzi chooni.

Kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ya mzungu ilikuwa kuchota maji. Bwana mwenye nyumba alikuwa Mdachi kijana, mnunuzi wa mpira wa porini, mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Jina lake lilikuwa refu na kulitamka kulitaka ukohoe kwanza, kwa hiyo mji mzima ulimwita Bwana Majani. Wenzake jioni walikunywa bia. Yeye alivuta kiti mbele ya sanduku lake la kioo akatazama majani mpaka giza likaingia. Sijapata kumwona tena mtu anayependa namna ile kitu kisichoweza kumwitikia.

Yeye ndiye aliyeniondoa kwenye mtungi na kuniweka kwenye kioo, kwa sababu niligundua jambo ambalo wenzangu hawakulijali. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi. Ulimi umeyazoea, jani halikuyazoea. Nilikuwa nikienda kisima cha mbali, juu kule, njiani kuelekea bara, na nikirudi sikuyamwaga humo papo hapo. Niliyaacha kwenye mtungi mpaka yatulie na yapoe sawasawa na yale ya ndani. Na sikubadilisha yote kwa mara moja. Ukibadilisha yote unamhamisha mtu nyumba akiwa usingizini, ataamka amechanganyikiwa. Toa kidogo, tia kidogo. Nyinyi vijana mnapenda kumwaga yote kwa sababu ndoo mpya inaonekana safi. Macho yenu hayaishi humo ndani, wajukuu.

Lakini kupanda sikufundishwa na Bwana Majani. Nilifundishwa na Mzee Lindimba.

Mzee Lindimba alikuwa Mmatumbi, kwao vilimani mbele ya Njinjo, na alikuwa akishuka na mpira wake kumuuzia bwana. Siku moja, akingoja kupimiwa, alichungulia dirishani, akaona sanduku na vile vilima vyangu vya mchanga vilivyopangwa safu. Akavua kofia. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani amefiwa humu?"

Nikamwambia hapana aliyefiwa. Akasema anaona makaburi. Juma alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna, lakini Mzee alikwisha kukunja mikono ya kanzu yake chakavu na kuanza kufukua. Alivitoa vishina vyangu kimoja kimoja, vilivyooza akavitupa, vilivyobaki akavisuuza. Kisha akaomba mawe ya mtoni na ukindu uliolowekwa, ule tunaosukia mikeka, akavifunga vishina juu ya mawe, si kwa kukaza wala kwa kulegeza. Uzi wa chuma wa bwana aliukataa, akasema unakata kama pingu. Mmea huu, akasema, ni jamaa ya kangaga, yale majani ya mabonde yenye unyevu. Kwao umeng'ang'ania mawe ya kijito, mahali ambapo miti imefunika na jua halifiki. Haujui udongo. Ukiufukia unaukaba koo.

Halafu akashika sanduku upande mmoja akanitaka nishike upande wa pili, tukaliondoa dirishani na kulipeleka pembe ya chumba ambako mtu angeweza kusoma barua kwa taabu. Hilo nalo ninyi mmekosea, nimeambiwa mmeliweka barazani ili wageni walione. Jua likiingia, jani hili halikui upesi. Kinachokua upesi ni ule utelezi wa kijani, nao hulivaa jani kama nguo ya kuazima mpaka lifie ndani yake.

Na jueni kwamba mmea huu ni mvivu. Mwezi huandama, hukua, hufa, ndipo utaona kijani kimechungulia kwenye kishina, kimejikunja kama mkia wa kinyonga. Ukikiona, usikiguse. Nenda kafanye kazi nyingine.

Sasa jina. Juma alitaka kujua kwa nini mzungu anahangaika na majani yasiyolika. Nikamwambia bwana amesema majani haya yanayafanya maji yasivunde. "Kumbe ni dawa ya maji," akasema Juma, na kuanzia siku ile ndilo likawa jina lake nyumbani. Somoe, dawa ya maji inaendeleaje. Mzee Lindimba, tuletee dawa ya maji. Hata bwana alijifunza kulitamka. Jina lilikuwa la jikoni tu, na hakuna aliyelifikiria mara mbili.

Mwaka uliofuata ndio watu wa Matumbi walipoing'oa pamba. Mnazijua habari hizo, baba zenu wamewasimulia. Sikuwalaumu wala siwalaumu leo. Shemeji yangu alichapwa viboko kwenye shamba la pamba la akida, na alikuwa na homa. Tukasikia kwamba mtoni huko kuna maji ya mganga, ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Vita ikashika nchi. Bwana Majani alipanda meli ya kwanza kwenda Dar es Salaam, akaniachia sanduku na maneno mawili: usibadilishe chochote. Mimi na Juma tukabaki na nyumba.

Kivinje ilikuwa mji wa kunong'ona siku zile. Neno lenyewe, maji, lilikuwa na mdomo wa bunduki. Mtu akiwa na kiu alisema naomba ya kunywa. Wenye vibanda vya kahawa walinyamaza askari wakipita. Mtu alikuwa akikamatwa na kibuyu chenye unyevunyevu tu, anaulizwa anachokwenda kunyunyizia.

Ndipo Juma akarudi kutoka sokoni bila kapu. Aliliacha huko. Mzee Lindimba, akaniambia, amekamatwa njiani, Tingi, akiwa na kibuyu cha maji chenye majani ndani. Alikuwa anaikimbia vita kuja kwetu, na alichukua mmea ili akiulizwa njiani awe na la kusema, kwamba anampelekea Mdachi mzigo wake. Askari wakamuuliza kilichomo. Mzee yule, aliyekuwa msema kweli mpaka anakera, akawajibu kwa jina alilolijua. Dawa ya maji.

Walitaka kumpiga risasi palepale, ila mmoja wao aliona afadhali aletwe bomani anyongwe mbele ya watu.

Nilivaa buibui nikaenda. Msidhani nilikuwa jasiri. Lakini nilijiambia kwamba ukimtoa Juma, anayelijua jina tu, ni watu watatu tu wanaojua kile ni nini, mmoja yuko Dar es Salaam, wa pili yuko mahabusu, na wa tatu ni mimi. Nisipokwenda mimi, basi.

Afisa aliyekuwa akisikiliza kesi hizo alikuwa mgeni, ameletwa na vita, na hakujua Kiswahili isipokuwa amri. Mkalimani wake alikuwa kijana wa hapahapa mjini, tuliyecheza naye utotoni. Kibuyu kilikuwa mezani. Nilieleza kwamba ni mmea wa sandukuni kwa Bwana Majani, kwamba dawa ya maji ni jina la utani. Afisa akauliza swali moja, na lilikuwa swali zuri. Kama nyumbani kwa Bwana Majani kuna majani hayahaya ndani ya maji, na jina ni hilohilo, atajuaje kwamba nyumba ile siyo ghala la mganga?

Nikaona sasa tumekuwa wawili wa kunyongwa. Sina kitu cha kuonyesha isipokuwa mmea wenyewe.

"Mwambie dawa ni majani yaliyochumwa," nikasema. "Yaliyochumwa hayaoti. Huu uko hai. Anipe niufunge kwenye jiwe, hapa hapa bomani, mbele ya macho yake. Ukitoa jani jipya, atajua Mzee alibeba mche."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akauliza itachukua muda gani.

"Mwezi," nikasema. "Labda zaidi."

Mkalimani hakutafsiri. Akaniinamia na kusema kwa sauti ndogo, "Dada Somoe, sema wiki. Mwezi hatakupa."

"Nikisema wiki na wiki ikapita bila jani, nitakuwa nimemnyonga mwenyewe. Sema nilivyosema."

Akasema. Afisa akaamua hivi. Meli itakayomleta mkubwa wake ikitia nanga, kesi zote zitafungwa. Jani likitoka kabla ya meli, Mzee ataishi. Meli ikilitangulia jani, kamba. Nikauliza meli inakuja lini. Akasema hata yeye hajui.

Akachukua uzi mwekundu akaufunga mwenyewe kwenye kishina, ili nisije nikabadilisha. Nikaomba birika la kioo, jiwe, na pembe ya ghala isiyo na jua. Nikapewa, na juu ya hayo askari wa kunilinda.

Kuanzia hapo nilikwenda kila siku baada ya sala ya asubuhi, na kibuyu changu cha maji yaliyotulia, na kila siku askari wa mlangoni walinilazimisha kunywa kwanza funda moja, waone kama nitageuka kitu. Nikanywa. Nilitoa kidogo, nikatia kidogo, nikatazama, nikaondoka. Kishina kilikaa vilevile kama kimekufa. Ndani yangu nilikuwa napiga kelele, lakini mkono niliukataza kukigusa. Kule nyuma ya ghala walikuwa wakitolewa watu. Nilisikia minyororo ikipita, kisha sikuisikia ikirudi.

Mkalimani alinifuata njiani siku moja. Akasema mimi nina majani tele nyumbani, mengine machanga. Uzi mwekundu unafungulika na kufungika. Nani atajua? Wajukuu, nilikwenda nyumbani nikasimama mbele ya sanduku nikiwa nimekwisha kutia mkono ndani mpaka kiwiko. Nikautoa. Wala si kwa ucha Mungu. Afisa yule alikuwa mtu wa kutazama vitu kwa kioo cha kukuzia, na mmea wangu wa nyumbani ulikuwa mnene, umeshiba, wakati ule wa Mzee ulikuwa na majani mawili yenye kovu la safari. Angejua. Na angejua mara moja tu, kisha tusingeulizwa tena.

Askari aliyenilinda aliitwa Feruzi, Mmanyema, mtu mzima mwenye watoto. Alinionea huruma, na huruma yake ikakaribia kutuua. Nilikuta birika liko nje juani. Alikuwa akilitoa kila siku baada ya mimi kuondoka, akiamini kwamba mmea ni mmea, ukipata jua utakua, Mzee atoke. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Utelezi wa kijani umeyavaa majani yote mawili, na moja limegeuka kahawia.

Nililia palepale, mbele yake. Aliposikia alichokifanya, naye akakaa chini akashika kichwa. Kisha nikajifuta, maana machozi yana chumvi na hayafai kitu kwa mmea. Nikaupangusa utelezi kwa kidole, jani kwa jani, pole pole kama mtu anayemwosha mtoto mwenye surua. Lile la kahawia nikalikata. Maji nikayabadilisha robo, si yote, ingawa roho ilitaka nimwage yote. Nikalirudisha birika penye giza, na Feruzi akaapa kwamba atakayeligusa atapitia kwake.

Jioni hiyo Feruzi alimweleza Mzee Lindimba kule mahabusu, maana ilimlemea. Asubuhi akaniletea majibu. "Mzee anasema usimharakishie jani. Anasema yeye hana safari."

Nilicheka, nikaona aibu kucheka pale, nikacheka tena.

Kikachomoza. Asubuhi moja, ubavuni mwa kishina, chini kidogo ya uzi mwekundu, kimejikunja, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Nilimwita Feruzi, akainama, akasema haoni kitu. Akainama tena, akashika mdomo. Nikataka kukimbia kwa afisa, nikajizuia. Kilichojikunja bado si jani. Mtu anayetaka kuona jani ataliona popote, na mtu anayetaka kunyonga hataliona hata likiwapo. Ningempelekea jani lililofunguka, lisilo na ubishi.

Siku zikapita, likifunguka kwa ubahili. Feruzi sasa ndiye aliyekuwa akilitazama kuliko mimi.

Meli ilionekana asubuhi, bado ndogo kwenye upeo, moshi wake umelala. Nilikuwa ghalani. Nilisikia mbio uani, amri, milango. Jani lilikuwa limefunguka nusu, nusu nyingine bado imeshikana. Nikabeba birika kwa mikono miwili, nikapita katikati ya askari wanaovaa mikanda, na Feruzi akinipasulia njia. Nikaliweka juu ya meza ya afisa.

Alitoa kioo chake. Alitazama uzi kwanza, fundo lake mwenyewe. Kisha kovu la jani la zamani. Kisha lile jipya, jembamba, kijani kinachopitisha mwanga, ungeweza kuona mishipa yake. Alitazama mpaka nikadhani amesahau kwamba tupo. Halafu akasema kwa Kiswahili, bila mkalimani, "Ni mmea."

Wakamfungua Mzee Lindimba kabla meli haijatia nanga.

Alikuwa amekwisha, mifupa na ngozi. Juma alipika wali wa nazi na kuku, na Mzee akala matonge matatu tu. Nilifurahi, wajukuu, sitaki kuwaficha, furaha ilinijaa mpaka nikawa siwezi kukaa mahali pamoja. Nilimwambia vile jani lilivyotoka, uzi ulivyokuwa, afisa alivyosema. Alisikiliza yote. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Kisha akasema, "Kulikuwa na wenzangu mle."

Akaanza kunitajia. Mtupa, mwindaji, aliyewasimulia hadithi ili wasisikie minyororo. Kiando na mdogo wake Saidi, wa Likawage, waliokamatwa wakienda kuzika mama yao. Mzee Mkumba, aliyekuwa akitafuta mbuzi wake. Na kijana mmoja wa Njinjo aliyekataa kusema jina lake, kwa kuogopa wasije wakamfuata mama yake, ndiyo sababu hata Mzee hakulijua. Alinitaka nirudie, nikarudia. Akanitaka nirudie tena, mpaka akaridhika kwamba yamekaa. Akasema kichwa chake kimezeeka, changu bado.

Walinyongwa siku ya pili yake, wote, mbele ya yule mkubwa aliyeshuka melini. Mimi sikuwa na la kuwapelekea. Nilikuwa na jani moja, nalo lilikuwa la Mzee Lindimba.

Yeye amekwisha kufa siku nyingi, kwa uzee, kwao, na Juma pia. Nimebaki mimi. Ya mimea nimewapa yote, na mkisahau mnaweza kurudi kuniuliza. Majina haya sitaki myasahau. Haya, semeni pamoja nami. Mtupa.